Ziara ya Bagamoyo na mazungumzo ya jioni juu ya manahodha wa meli za watumwa: nilichokipata kwa shilingi 60,000

Kwa muda mrefu nilikuwa nikiona tangazo la ziara ya siku moja mjini Bagamoyo, inayoandaliwa na nyumba ndogo ya wageni iliyo karibu na ufukwe, na ambayo humalizika kwa mazungumzo ya jioni juu ya maisha ya manahodha waliosafirisha watumwa katika Bahari ya Atlantiki. Nilishangazwa na uchaguzi wa mada, kwa sababu anayekwenda Bagamoyo hutarajia kuelezwa habari za misafara ya pembe za ndovu na za Unguja, si habari za Liverpool, bandari ya Uingereza. Lakini mimi ni karani mstaafu wa bandari ya Tanga, nimeshika hati za shehena kwa zaidi ya miaka thelathini, na marehemu babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi lililokwenda Pemba na Lamu, hivyo neno "nahodha" likitajwa lazima nigeuze shingo. Nikapanda basi la alfajiri, nikapitia Segera na Msata, na saa nne na nusu nikawa nimekwisha kuketi kivulini pamoja na wageni wengine kumi na wanne nikingoja kuanza.

Matembezi ya asubuhi sitayaeleza kwa kirefu, kwa kuwa yanafanana na yale yanayotolewa na waongozaji wengi wa mji ule: Karavanserai, yaani kituo cha zamani cha misafara, Ngome Kongwe, boma la Wajerumani la mwaka 1897, kisha misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, pamoja na mnara wa kanisa ambamo mwili wa Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiingereza, ulihifadhiwa usiku wa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma na Susi na wenzao kuubeba kutoka bara. Kijana aliyetuongoza ana sauti ya kusikika na adabu ya kutosha. Kila alipotaka kunivusha mahali penye mashimo alisema, "Babu, tupite huku," na wala hakuniharakisha. Jambo moja alilolisema vizuri, ambalo waongozaji wengine hulikwepa kwa sababu haliwalizi wageni, ni kwamba si kila aliyeingia Bagamoyo na mzigo kichwani alikuwa mtumwa, kwani wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu wa ujira, waliojua bei ya kazi yao na kuigomea pale walipopunjwa.

Ufukweni, mahali ambapo watoto huuza makombe na kauri kwa wageni, alisimama akachukua kauri moja akatuambia kwamba kitu kile kilikuwa fedha halali Afrika Magharibi, na kwamba katika karne ya 18 meli za Ulaya zilipeleka huko kauri za Maldivi kwa magunia ili kununulia watu. Aliongeza kwamba katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walichukua kauri kutoka Zanzibar na kuzipeleka pwani ile ile ya magharibi. Nilizaliwa Tanga, nimechezea kauri bao la mchangani tangu utotoni, na sikuwahi kuambiwa hayo. Kwa maelezo hayo peke yake nilihisi robo ya kiingilio changu imerudi.

Chakula cha mchana kilikuwa wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchicha. Kilichelewa kwa saa nzima na robo, na hakuna aliyekuja kutuomba radhi, ingawa samaki mwenyewe alikuwa hana dosari.

Sasa nije kwenye mazungumzo ya jioni, ambayo ndiyo hasa yaliyonitoa Tanga. Yalifanyika barazani baada ya Magharibi, na mzungumzaji alikuwa mwalimu mstaafu wa historia ambaye wenyeji wote humwita Mwalimu tu. Pamoja nasi wageni waliketi watu kadhaa wa mtaa, akiwamo mzee mmoja aliyewahi kuwa nahodha wa mashua, na ambaye, kama nitakavyoeleza, aliyafanya mazungumzo yawe na uzito zaidi ya ule uliokusudiwa.

Mwalimu hakuanza na minyororo. Alianza na daftari. Alisema kwamba nahodha wa meli ya watumwa alikuwa kwanza kabisa mtu wa hesabu, aliyekabidhiwa na wenye mali barua ya maagizo iliyoeleza aende wapi, anunue watu wangapi, wanaume wangapi na wanawake wangapi, asizidi bei gani, na akauze bandari ipi ng'ambo ya bahari. Safari nzima, kutoka Liverpool au Bristol za Uingereza au Nantes ya Ufaransa hadi Afrika, kisha Amerika, kisha kurudi, ilichukua mwaka mmoja au mwaka na nusu, na sehemu ndefu ya muda huo haikuwa ya kusafiri bali ya kutia nanga na kununua, wawili leo, mmoja kesho, kwa miezi, huku waliokwisha kununuliwa wakiwa wamefungwa chini ya sitaha. Mimi niliyezoea kuona meli ikingoja shehena bandarini nilielewa mara moja alichokuwa akikieleza, na ndiyo maana kiliniuma zaidi.

Mfano aliouchagua ni John Newton, aliyezaliwa London mwaka 1725 akiwa mtoto wa nahodha. Wengi wetu tumeimba kanisani au kusikia wimbo wake juu ya neema, na masimulizi yanayozunguka ni kwamba alipatwa na dhoruba baharini, akamlilia Mungu, akaacha biashara ya watumwa. Mwalimu aliyafumua masimulizi hayo kwa tarehe tu. Dhoruba ilikuwa mwaka 1748. Baada ya dhoruba hiyo Newton alirudi kwenye biashara ile ile, na kati ya mwaka 1750 na 1754 aliongoza safari tatu akiwa nahodha, ya kwanza katika meli iliyoitwa Duke of Argyle na mbili katika meli iliyoitwa African. Aliacha bahari mwaka 1754 kwa sababu ya ugonjwa uliomwangusha ghafla, si kwa kusutwa na dhamiri, na maandishi yake ya kuilaani biashara ile hadharani hayakutoka mpaka mwaka 1788, yaani miaka 34 baadaye.

Katikati ya tarehe hizo Mwalimu alituonyesha siku za mtu mwenyewe. Jumapili Newton aliwakusanya mabaharia akawasalisha. Usiku, chumbani mwake nyuma ya meli, alijifunza Kilatini na kumwandikia mkewe Mary barua ndefu za mapenzi. Katika daftari lake la safari aliandika waliofariki kwa namba, si kwa majina, na humo humo akaandika, bila kigugumizi cha kalamu, kwamba aliwabana watoto wa kiume vidole gumba kwa chombo cha chuma ili wakiri kama kulikuwa na njama ya uasi. Barazani palitulia. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu aliuliza kwa sauti ndogo, "Barua na daftari aliandika kwa kalamu moja?" Mwalimu alimjibu kwamba meza, bila shaka, ilikuwa moja.

Sehemu ya malipo ndiyo iliyonifurahisha, ikiwa neno kufurahi linafaa hapa. Nahodha wa Liverpool alipata mshahara mdogo wa takriban pauni 5 kwa mwezi, lakini utajiri wake ulitokana na kamisheni, ambayo kwa mapatano yaliyozoeleka ilikuwa pauni 4 katika kila pauni 104 za mauzo, pamoja na ruhusa ya kusafirisha watumwa wachache wa kwake mwenyewe bila kulipia nauli. Mwaka 1788 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoweka kikomo cha idadi ya watu kulingana na ukubwa wa meli na kulazimisha kila meli iwe na tabibu; sheria hiyo iliahidi pauni 100 kwa nahodha na pauni 50 kwa tabibu endapo waliokufa njiani hawangezidi wawili katika mia, na nusu ya kiasi hicho endapo hawangezidi watatu katika mia. Mwalimu aliiandika hesabu hiyo ubaoni, akaiacha bila neno. Ni mbinu nzuri ya kufundisha, na natamani waongozaji wengi zaidi wangejua kunyamaza namna hiyo.

Hapo ndipo yule mzee wa mashua alipoomba ruhusa ya kuuliza. "Mwalimu, chombo kama hicho kilikuwa na mabaharia wangapi?" Akajibiwa kwamba Duke of Argyle, ambayo haikuwa meli kubwa, ilichukua takriban watu 30. Mzee akatikisa kichwa akasema hiyo si idadi ya kuendesha chombo, hiyo ni idadi ya kulinda gereza. Na ndivyo ilivyokuwa: meli ya watumwa ilibeba mabaharia wengi kuliko meli ya mizigo ya ukubwa ule ule, ilijengewa ukuta mrefu wa mbao katikati ya sitaha ili kuwatenga wanaume na upande wa tezi alikokaa nahodha, ikatundikiwa nyavu pembeni ili watu wasijitupe baharini, na mizinga midogo ilielekezwa ndani, juu ya sitaha. Hofu hiyo ilikuwa na sababu, kwani wanaoichunguza biashara ile hukadiria kwamba safari moja katika kila kumi ilikumbwa na uasi. Mabaharia nao walikufa kwa homa na kuhara, kwa wastani wa karibu mmoja katika watano kwa safari, na manahodha wengi waliwapunguzia chakula na kuwapiga mpaka wakatoroka bandarini, jambo lililowafaa wenye meli kwa kuwa baada ya shehena kuuzwa mabaharia wengi walikuwa gharama tu.

Swali la pili la mzee lilikuwa hili: "Na huyo nahodha alikula na nani?" Kwa mtu wa jahazi hili ni swali la msingi, maana sisi baharini tunakula sinia moja, nahodha, serahangi (mkuu wa mabaharia) na mtoto wa kuteka maji. Mwalimu alieleza kwamba nahodha alikula mezani mwake pamoja na tabibu na wasaidizi wake wakuu, na pale pwani aliwakaribisha pia wafanyabiashara wa Kiafrika. Mmoja wao, Antera Duke wa Old Calabar katika Nigeria ya leo, aliacha shajara yake ya miaka ya 1785 hadi 1788, iliyoandikwa kwa Kiingereza cha biashara, akieleza nani alipanda meli gani, nani alikula na nahodha gani, na nani alipewa bidhaa kwa mkopo. Mkopo huo ulidhaminiwa kwa kuweka watu rehani, mara nyingine jamaa wa mfanyabiashara mwenyewe, na nahodha asiyelipwa kwa wakati aliweza kung'oa nanga na rehani zake. Sehemu hii ilipewa dakika chache mno. Ningefurahi kama wangeipunguzia Livingstone wa asubuhi muda na kuuhamishia hapa.

Kisha ikaja habari ya meli Zong, ambayo nilikuwa nimewahi kuisoma lakini sikuwahi kuisikia ikisimuliwa kwa Kiswahili. Nahodha wake, Luke Collingwood, alikuwa tabibu wa meli kabla ya kupewa uongozi kwa mara ya kwanza mwaka 1781, na alichukua mateka 442 katika chombo ambacho hakikustahili hata nusu ya idadi hiyo. Magonjwa yalienea, meli ikaipita Jamaika kwa makosa ya uongozaji, na kuanzia tarehe 29 Novemba watu zaidi ya 120 walitupwa baharini wakiwa hai kwa madai kwamba maji ya kunywa yamepungua. Wenye meli, kampuni ya William Gregson wa Liverpool, walidai bima ya pauni 30 kwa kila kichwa. Kesi iliyosikilizwa London mwaka 1783 haikuwa ya mauaji bali ya bima, na hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa kuua. Collingwood mwenyewe alikufa Jamaika muda mfupi baada ya kufika, na daftari la safari halikuonekana tena.

Katika lugha yetu ya pwani, kuitupa shehena baharini ili chombo kisizame huitwa kutosa, na katika kazi yangu niliwahi kuandika hati za mali iliyotoswa, magunia ya saruji mara moja, na mara nyingine mbao, na hasara hugawanywa kwa taratibu zinazoeleweka. Mwalimu alilitumia neno hilo hilo, kutosa, kwa watu wa Zong, na hakulifafanua. Nadhani hakuna neno jingine alilolichagua jioni ile ambalo lilifanya kazi kubwa zaidi.

Baada ya hapo ubora ulishuka. Saa ilikuwa imekwenda, na mwisho wa biashara ulikimbizwa kama mtu anayeogopa kuachwa na basi. Hugh Crow, nahodha mwenye jicho moja kutoka kisiwa cha Man, aliyeondoka Liverpool Julai 1807 na meli ya mwisho ya Kiingereza kwenda kuchukua watumwa kwa ruhusa ya sheria, alipata sentensi mbili. Nathaniel Gordon wa Marekani, aliyekamatwa Agosti 1860 karibu na mlango wa mto Kongo akiwa na watu 897 melini, na aliyenyongwa New York tarehe 21 Februari 1862 akiwa Mmarekani pekee kuadhibiwa hivyo kwa kosa la biashara ya watumwa, alipata sentensi moja. Tofauti ya wawili hao, mmoja akizeeka kwa amani na kuandika kumbukumbu za kuitetea kazi yake, mwingine akipanda jukwaa la kitanzi, ingeweza kuchukua jioni nzima peke yake.

Dosari iliyonikera zaidi, hata hivyo, haikuwa ya Mwalimu bali ya ukuta uliokuwa nyuma yake. Juu ya ukuta ule imetundikwa ile picha mashuhuri ya watu waliolazwa kama dagaa waliopangwa juani, na chini yake pameandikwa "Jahazi la watumwa". Picha ile si ya jahazi. Ni mchoro wa meli Brookes ya Liverpool, uliotolewa na wapinzani wa biashara hiyo huko Plymouth mwaka 1788 na kupanuliwa London mwaka uliofuata. Unaonyesha watu 482, na inajulikana kwamba kabla ya sheria ya 1788 meli hiyo iliwahi kubeba watu 609. Jahazi halina sitaha juu ya sitaha, na safari ya kutoka Bagamoyo kuvuka hadi Unguja si ya miezi miwili. Nasema haya bila nia ya kuisafisha pwani yetu: watu walivushwa hapa, waliuzwa Unguja mpaka soko lilipofungwa mwaka 1873 wakati wa Sultani Barghash, na waliowauza walizungumza lugha hii ninayoiandika. Lakini mgeni anayeondoka akiamini kwamba babu zetu waliendesha Brookes amedanganywa, na mgeni huyo huyo akija kuujua ukweli hatatuamini hata pale tunapomwambia yaliyofanyika kweli.

Kinachosikitisha ni kwamba kiungo cha kweli kati ya bahari hizi mbili kipo, na jioni nzima hakikutajwa. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice, mfanyabiashara na nahodha kutoka kisiwa ambacho leo ni Morisi, alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Desemba 1794 meli ya Kireno São José, iliyotoka Kisiwa cha Msumbiji ikielekea Brazili na mateka zaidi ya 400, ilivunjika miambani karibu na Cape Town. Nahodha na mabaharia wake waliokoka, karibu nusu ya mateka wakafa maji, na walionusurika wakauzwa pale pale. Maelezo ya nahodha aliyoyatoa baada ya ajali yamehifadhiwa katika nyaraka, na mabaki ya meli yakatambuliwa rasmi mwaka 2015. Kwa jumla watu zaidi ya nusu milioni walichukuliwa kutoka upande huu wa Afrika na visiwa vyake wakaingizwa katika biashara ya Atlantiki, kati ya takriban milioni 12.5 waliopakiwa kote. Mazungumzo yanayofanyika Bagamoyo juu ya manahodha wa Atlantiki yangeanzia hapo, Kilwa na Msumbiji, kisha yakaelekea Liverpool, wala mtu asingeuliza tena mada hii imefikaje barazani petu.

Baada ya mazungumzo nilimfuata Mwalimu nikamwamkia, kwa kuwa amenipita umri, nikamweleza habari ya Morice na ya maandishi yale ya ukutani. Hakukasirika. Alisema picha aliikuta imekwisha kutundikwa na mwenye nyumba, na akanitaka nimwandikie tarehe kwenye karatasi, nami nikamwandikia.

Kwa anayefikiria kwenda: shilingi 60,000 zinajumuisha matembezi, chakula cha mchana na mazungumzo, lakini si kiingilio cha makumbusho, ambacho hulipwa mlangoni na ambacho tangazo halikitaji. Kijitabu cha kurasa kumi na mbili kinachouzwa mlangoni kwa shilingi 15,000 kina makosa mengi ya chapa na hakina kitu ambacho Mwalimu hakukisema vizuri zaidi, hivyo kiacheni. Mazungumzo huisha karibu saa tatu na nusu usiku, saa ambayo sikuona gari la abiria lenye nafasi, na anayetoka mbali afadhali apange kulala. Mkisikia kwamba yule mzee wa mashua atakuwapo, chagueni siku hiyo, na mkae karibu naye, kwa sababu sauti yake ni ndogo na kipaza sauti hakimfikii. Kati ya nyota tano naipa ziara nzima tatu, na mazungumzo ya jioni nayapa nne. Ya tano naishikilia mpaka nitakapopita tena na kusoma kilichoandikwa chini ya ile picha.